Taya ya Mama Mkwe

Wiki tatu. Wiki tatu nzima nilisimama kichwani pa wagonjwa nikishika taya, na hakuna kitu kingine nilichoruhusiwa kufanya. Sindano sikugusa. Mpira wa koo, ule wa kupitisha hewa mpaka mapafuni, niliuona tu kwenye trei, kama mtoto anayeangalia keki ya wenyewe. Nilikuwa nimesoma udaktari miaka sita, nimekula kiapo, nimepigwa picha na joho, na babangu alikuwa amesimama kanisani kwetu Saboti akatangaza kwamba sasa nyumba yake ina daktari. Halafu naletwa hospitali moja ya Kitale kufanya mwaka wangu wa mafunzo, na mtu mmoja mfupi aliyevaa sweta ya kijivu ananiambia, bila hata kunisalimia vizuri, "Wewe shika taya."

Mtu huyo tulimwita Mwalimu. Hakuwa na digrii kama mimi. Alikuwa afisa wa kliniki, wale wa diploma, aliyeongeza masomo ya nusukaputi, yaani kuwalaza wagonjwa kwa dawa kabla ya kupasuliwa, kuwalinda wakiwa usingizini, na kuwaamsha kazi ikiisha. Miaka hiyo ya elfu mbili ikianza, watu wa kazi hiyo walikuwa wachache huku kwetu, na sisi madaktari wapya tulipita mikononi mwake mmoja mmoja. Nilijiuliza ni kitu gani mtu wa diploma atanifunza mimi. Nina hasira za karibu, sijawahi kuzificha, na enzi hizo zilikuwa karibu zaidi.

Ngoja nieleze taya ni kitu gani. Mtu akishalazwa kwa dawa, misuli yote hulegea, na ulimi nao hurudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Kwa hivyo lazima mtu asimame kichwani pake, aingize vidole vitatu chini ya mfupa wa taya auinue, huku kidole gumba na cha shahada vinabana barakoa ya hewa usoni. Mkono wa pili unaminya mfuko unaosukuma hewa. Basi. Dakika tano za kwanza unajiona hodari. Dakika ya kumi vidole vinawaka moto. Ikifika ya ishirini unaanza kumchukia mgonjwa ambaye hajakukosea lolote.

Mwalimu alisimama nyuma yangu, amefumba macho, anasikiliza.

"Anakoroma huyo."

"Amelala, Mwalimu. Si lazima akorome?"

"Akikoroma yeye, aliyelala ni wewe. Inua. Pore pore."

Alikuwa mtu wa Matulo, kule karibu na Webuye, na "pole" kwake ilikuwa "pore". Mpaka leo nikiwa na haraka najiambia pore pore, hivyo hivyo kwa r yake.

Na alikuwa na swali lake moja, la kila siku na kila mgonjwa. "Anataka nini huyu?" Siku ya kwanza nilimjibu kwamba anataka kupona. Akatikisa kichwa. Siku ya pili nikamtajia dawa tatu na vipimo vyake, nikijua nimemweza. "Wacha mambo ya kitabu, bana. Anataka nini?" Siku ya tatu nikamjibu kwa hasira, ili tu aniachilie nipumue, "Hewa!"

"Eh," akasema. "Sasa mpatie."

Babangu alikuja kunitembelea wiki hiyo ya tatu, amevaa koti lake la harusi za watu. Tukaketi kwenye nyasi nje ya wadi, akaniuliza wamenipa kazi gani huko ndani. Nikamwambia ninashika videvu. Akatoa leso akapangusa viatu vyake ambavyo havikuwa na vumbi. "Videvu," akasema. "Za watu wangapi kwa siku?" Nikamwambia sita, saba. "Basi ni kazi," akasema, lakini najua kanisani hakulitangaza hilo.

Mpira nilikuja kupewa wiki ya tano. Mgonjwa alikuwa kijana mwenye afya, shingo ndefu, meno mazuri, mgonjwa wa kujifunzia kama walivyo wachache. Nikainua ulimi wake kwa taa ya koo, nikaona kitu, nikasukuma mpira. "Imeingia!" nikatangaza. Nesi akaminya mfuko. Tumboni pakatoa sauti ya chupa ya soda inayotikiswa.

"Unasema imeingia wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kwa mapafu. Nimeona mwenyewe."

"Sikiliza tumbo."

"Mwalimu, nimeiona ikiingia!"

Nambari kwenye mashine ya kidole, ile inayopima hewa ndani ya damu, ilikuwa inashuka. Na mimi bado nabishana. Haki ya Mungu, nilibishana huku kijana wa watu anageuka rangi mbele yangu, kwa sababu niliona haya kukosea mbele ya mtu wa diploma. Mwalimu akanisukuma kwa nyonga yake, akachomoa mpira, akashika taya, akaminya mfuko mara nne, tano. Kifua kikapanda. Rangi ikarudi. Kisha akanipa nafasi tena kana kwamba hakuna kilichotokea. "Anza upya," akasema. Mara ya pili mpira uliingia ulikotakiwa.

Baadaye nilijifungia chumba cha kubadilishia nguo nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumpelekea. Mwalimu akagonga, akanipitishia kikombe cha chai mlangoni bila kuingia.

"Mpira ni wako wewe," akaniambia kutoka upande wa pili wa mlango. "Yeye hataki mpira. Yeye anataka hewa. Siku utaacha kupenda mpira, utakuwa mtu wa kazi hii. Kunywa chai, bado kuna wawili."

Sikujua lini hasa mambo yalibadilika. Nakumbuka tu asubuhi moja nikiwa kichwani pa mama mmoja, ninazungumza na nesi kuhusu bei ya viatu vya Pasaka, mara nikaona mkono wangu wa kushoto umeinuka wenyewe na kuvuta taya mbele. Mgonjwa alikuwa hajakoroma. Alikuwa karibu kukoroma. Vidole vilikuwa vimejua kabla yangu, na mimi nilikuwa bado niko kwa viatu. Nikageuka kumwangalia Mwalimu. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka utani wa zamani.

Mwaka wa mafunzo ulipokwisha nikapangiwa hospitali ndogo upande wa Bungoma. Siku ya kuripoti nafika mlango wa thieta, chumba cha upasuaji, nani ameketi kwenye benchi la korido na chupa yake ya chai? Sweta ya kijivu. Kumbe alikuwa ameomba uhamisho awe karibu na kwake.

"Umekuja kushika taya?" akaniuliza.

"Na wewe umekuja kunisumbua?"

Akanimiminia chai. Hospitali nzima tulikuwa sisi wawili tu tulioweza kulaza mtu. Miezi ikapita, nikawa nalaza wa ngiri, wa mifupa, akina mama wa kuzaa kwa kupasuliwa, wote. Yeye aliketi nje kwenye benchi lake, na mimi nikaanza kuvimba kichwa. Nilijihesabu bingwa. Jambo moja sikuwa nimelitambua: sijawahi hata siku moja kumlaza mtu Mwalimu akiwa hawezi kuingia. Ningekwama, ningeinua macho tu, naye angekuwa amesimama mlangoni. Na yeye hakuwahi kuchukua likizo. Watu walikuwa wakimtania kwamba atazikwa na sweta yake kwenye benchi lile. Angechukuaje, na angemwachia nani?

Halafu ikaja Jumamosi moja asubuhi, wakati wa kupanda mahindi, barabara zote zimejaa trekta. Akaletwa mama mmoja mzee kutoka Tongaren, siku tatu anatapika, ngiri ya kinena imekwama na kuwa ngumu. Shingoni alikuwa na rovu, ule uvimbe wa koo, kubwa kama avokado, aliyokaa nayo miaka mingi bila kuisumbukia. Daktari wetu wa upasuaji, bwana mrefu asiyependa maneno mengi, alimpapasa mara moja tu.

"Utumbo umenyongwa," akasema. "Tukiacha mpaka kesho utakuwa umeoza, na yeye ataenda nao. Mlaze."

Nikamwita Mwalimu tumwangalie pamoja, maana shingo ile ilinitia hofu. Alikuja akitembea kwa mwendo wake wa siku zote, akafika mlango wa wadi, akatupa jicho, na papo hapo akageuka akaelekea ukuta. Nikadhani amepatwa na kizunguzungu.

"Mwalimu, ni nini?"

"Huyo ni mama mkwe wangu," akauambia ukuta.

Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama aliyemzaa mke wake wanaheshimiana kiasi cha kutoshikana hata mkono. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mwenzake apite. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, watoto wake wote wamebatizwa, lakini jambo hilo halikuwa na mjadala. Miaka kumi na tano ya ndoa, hajawahi kumgusa mama yule hata kidole. Na kazi yetu ni ipi? Kumshika mtu kidevu, uso kwa uso, akiwa hana nguo isipokuwa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni.

Niliwaka. Nilimwambia hii ni hospitali, si boma, kwamba utumbo wa mama haujui mkwe ni nani, kwamba mimi sikutarajia kusikia hayo kwa mtu kama yeye. Nilisema mengi na kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, bado ameelekea ukuta. Aliyenijibu ni yule mama kitandani, ambaye kumbe alikuwa anasikia yote.

"Daktari," akaniita. Alikuwa hana nguvu, lakini sauti ilikuwa ya mwenye nyumba. "Mkwe wangu akiingia huko ndani, mimi rudisheni Tongaren nikufe kwangu. Nimesema."

Ambulensi ilikuwa imetoka asubuhi kumpeleka mgonjwa mwingine Eldoret, na hata ingekuwepo, safari hiyo utumbo usingeivumilia. Daktari wa upasuaji akaniangalia.

"Wewe si unalaza watu kila siku?"

"Nalaza. Lakini—"

"Lakini nini?"

Mtu mzima angesemaje? Lakini Mwalimu huwa yuko nje?

Tulizungumza kwenye korido, mimi na yeye, mama akitayarishwa. Mwalimu alikuwa mtulivu, chupa yake ya chai mkononi. "Shingo hiyo itakusumbua," akaniambia. "Mwinue mabega kwa shuka. Kijiti cha kuongoza mpira kiwe karibu. Mpe oksijeni ya kutosha kwanza, usiharakishe. Na tumbo limejaa, nesi abonyeze shingo vizuri, mama asitapike."

"Na nikishindwa?"

"Ukiniita, naingia."

Akaiweka chupa kwenye benchi.

"Nitaingia, daktari. Siwezi kuacha mama wa mke wangu afe nikiangalia ukuta. Lakini ujue, siku utaniita, hata akipona hatakanyaga kwangu tena, wala mimi kwao. Watoto watakuwa na nyanya wa kusikia tu."

Hasira zote zilikuwa zimenitoka, nimebaki na woga mtupu. Akasogeza benchi, akasimama karibu na mlango wa thieta, akaugeukia ukuta. Nikaingia ndani.

Mama alikuwa anaomba kwa lugha yake. Nilipoinama juu yake akanishika kifundo cha mkono. "Ni wewe utanishika?" "Ni mimi, mama." "Peke yako?" "Peke yangu." Akaniachilia. Nikampa oksijeni kwa barakoa, nikahesabu pumzi zake, nikampa dawa ya usingizi na ile ya kulegeza misuli. Dawa hiyo ya pili ndiyo inayotisha, kwa sababu kuanzia hapo mgonjwa hapumui tena mwenyewe, na pumzi yake inakuwa deni mikononi mwako.

Nikaingiza taa ya koo nikaangalia. Woi. Kila kitu kilikuwa kimesukumwa upande mmoja na ile rovu, nyama tupu, hakuna mlango wa hewa wala dalili yake. Nikavuta zaidi. Nikajaribu kupitisha mpira kwa kubahatisha, ukagota. Mashine ya kidole, ambayo hulia kwa sauti nyembamba hewa ikiwa nzuri, ikaanza kulia kwa sauti nzito, na kila mlio mzito kuliko uliotangulia. Kidogo tu, nikawa najiambia. Kidogo tu, naiona sasa hivi. Ilikuwa ile ile hasira ya Kitale, nikaitambua kabisa, na bado mkono ulikuwa unasukuma.

"Mwite," daktari wa upasuaji akasema.

Nesi akaangalia mlango. Mimi nikafungua mdomo kumwita, na kweli ningemwita, lakini sauti yake ndiyo iliyotangulia. Haikuwa ya kelele. Ilikuwa ile ya kila siku, kama vile yuko nyuma yangu amefumba macho.

"Anataka nini?"

"Hewa!" nikapiga kelele.

"Sasa mpatie."

Nikachomoa kila kitu. Taa niliitupa kwenye trei ikalia. Nikarudisha barakoa usoni, nikashika taya kwa mikono yote miwili, nesi akaminya mfuko. Kifua hakikupanda. Nikavuta tena, nikageuza kichwa kidogo kushoto, vidole vikitafuta vyenyewe huko chini ya mfupa ambako nilikaa wiki tatu nikinung'unika, na hapo nikasikia kitu kikiachia, kitu kidogo sana, kama droo iliyokuwa imekwama. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Ule mlio mzito ukaanza kupanda nao, pole pole, mpaka ukawa mwembamba kama mwanzo.

Nilikaa hapo na ile taya kwa muda, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nikagundua kwamba siogopi. Mama alikuwa na hewa, na mradi ana hewa, mengine yote yanaweza kungoja. Nilikuwa nimeambiwa hivyo mara mia, lakini kusikia ni kitu kimoja, na kuwa nayo vidoleni ni kingine.

Baadaye nikaomba shuka la pili chini ya kichwa. Nikamwambia nesi aisukume rovu upande wa kushoto. Nikaangalia tena, nikaona ukingo mdogo tu, nikapitisha kijiti, kikaenda kikikwaruza pete za koo, tik tik tik, kama ukucha kwenye meno ya kitana. Mpira ukafuata juu yake. Nikasikiliza kifua kulia, kifua kushoto, tumbo. Tumbo lilikuwa kimya. Ndipo nikasema, "Imeingia."

"Naanza?" daktari wa upasuaji akauliza.

"Anza."

Utumbo ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi. Wakaufunika kwa kitambaa cha maji ya moto, tukangoja, sote tunauangalia kama watu wanaongoja ugali uive. Ukarudi zambarau, kisha nyekundu, kisha ukacheza. Daktari wa upasuaji, yule asiye na maneno, akasema "Asante Yesu," akaurudisha ndani na kushona.

Mama alipoanza kupumua mwenyewe na kukunja uso, nilichomoa mpira. Ilibidi atolewe kupitia korido, kwa hivyo nikatangulia kufungua mlango nimwambie Mwalimu ajiondoe njiani. Nilimkuta pale pale, uso ukutani. Mikono yake ilikuwa juu mbele ya kifua. Wa kushoto ulikuwa umekunja vidole vitatu, umeinuka, unavuta kitu kisichokuwepo. Wa kulia ulikuwa unafunga na kufungua, unafunga na kufungua, unaminya mfuko.

"Mwalimu," nikamwita.

Hakusikia.

"Mwalimu, tumemaliza. Anapumua mwenyewe."

Akaishusha mikono, akaikung'uta. "Vidole vinawaka," akasema, kama mtu anayeomba radhi. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikaegemea mlango, machozi yananitoka, na yeye akaanza kucheka, tukawa watu wawili wazima wanaocheka koridoni bila sababu ambayo mtu mwingine angeielewa. Kisha akachukua chupa yake akapitia nyuma, kwenye kamba za kuanikia shuka, ili mama apite.

Alasiri nilikwenda wadini. Mama alikuwa macho, midomo mikavu. Nikainama, nikajikuta namwuliza lile lile swali.

"Mama, unataka nini?"

Nilitegemea aseme maji.

"Mkwe aliingia?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Alisimama nje, ameangalia ukuta mpaka mwisho."

Akafumba macho. Chozi likatoka likaingia sikioni. "Basi nifunike," akasema. "Nifunge kitambaa ya kichwa. Nifunike mpaka hapa." Akagusa kidevu chake, akakunja uso kwa uchungu. "Halafu mwite asimame kwa mlango."

Nikamfunga kitambaa, nikamfunika, nikavuta shuka likanyooka. Mwalimu akaja akasimama nje ya mlango, macho kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya meza ya manesi.

"Mulembe, mama."

"Mulembe."

Walikuwa wamesalimiana, na kati yao hayo yalikuwa mengi tayari. Mama akanigeukia mimi.

"Daktari, mwambie mkwe taya inauma."

Mwalimu alikuwa hatua tano kutoka pale, na masikio yake ni yale ninayoyajua. Lakini kazi ni kazi. "Mwalimu," nikasema, "mama anasema taya inauma."

"Mwambie mama," akaiambia kalenda, "ingekuwa haiumi, ndio ningeogopa."

"Mama, anasema ingekuwa haiumi ndio angeogopa."

Mama akacheka, akashika mshono kwa mikono miwili. "Mwambie asinichekeshe. Nimeshonwa."

Mwalimu aliondoka pale mlangoni haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, na sweta yake alikuwa ameiinua usoni.

Jumatatu alinipata kwenye benchi lake, nimelikalia, ninakunywa chai kutoka chupa yake. Alinipa karatasi nimpelekee katibu wa hospitali. Ilikuwa fomu ya likizo, ya kwanza tangu nimjue. Naenda kupanda, akasema, nimechelewa mwaka huu. Wiki ngapi? nikamwuliza. Wiki tatu.

"Na nikikwama?"

"Simu nitaizima. Huko shamba hata stima ya kuichaji hakuna."

Nilisoma fomu ile mara mbili koridoni. Nimepata vyeti vingi baada ya hapo, vingine vina muhuri wa dhahabu, lakini hakuna karatasi iliyowahi kunifurahisha kama ile, mtu mzima akiandika kwa peni ya buluu kwamba anaenda kulima. Niliipeleka mwenyewe kwa katibu ili isipotee.

Jumanne mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo, ngiri ya kitovu. Nilimlaza. Nikaangalia mlangoni kwa mazoea, benchi lilikuwa tupu, hata chupa haikuwepo.

"Anataka nini huyu?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi, daktari?" nesi akasema.

"Hapana," nikamwambia, na nikainua taya.